Mhariri, wenye presha wanauziwa vipimo hamsini, ila vile vinne vya maana hawapimwi

Mhariri, salaam na heri ya kazi.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua ni mdogo, ila mkikata msikate pale kwenye namba. Nimesoma ile makala yenu ya ukurasa wa afya inayowataka wenye presha wote wakapime "kifurushi kamili cha mishipa ya damu", na chini yake kuna tangazo lenye bei na namba ya simu, sa sijui makala ndo tangazo au tangazo ndo makala, hilo mtalijua wenyewe. Mie nafanya kazi maabara hapa Tanga, na tangu makala itoke watu wanakuja na kipande cha gazeti wamekikata vizuri na mkasi, ananyoosha kidole, nataka hiki, hiki na hiki hapa. Ukimuuliza mzee wangu, kreatinini yako mara ya mwisho ilisoma ngapi? Hajui hata ni kitu gani, kumbe ndo kipimo cha figo, na presha anayo toka enzi za Mkapa.

Msidhani nalia wivu. Maabara ndo inanilisha, kipimo kikiongezeka mie sipungukiwi kitu. Ila ukweli ni kwamba mwenye presha anahitaji vipimo vya damu vichache tu ili ijulikane mishipa yake iko hatarini kiasi gani, vichache hivyo ni vya kawaida kabisa, mashine zake ziko hospitali nyingi za wilaya, na ndo hivyohivyo ambavyo hapimwi. Anapimwa presha, anaandikiwa kwenye kadi, anapewa amlodipini yake, tuonane mwezi ujao mama, basi.

Kwanza tuelewane presha inafanya nini huko ndani. Damu ikipita kwa nguvu miaka na miaka ule utando laini wa ndani ya mshipa unaumia, hasa pale mshipa unapogawanyika, shingoni, kwenye moyo, kwenye nyonga, na chembe za LDL zinazobeba kolestro zinapenya hapo zinakwama ndani ya ukuta, seli za kinga zinakuja kuzila, zinavimba, zinafia humohumo, ndo unapata uvimbe wa mafuta ndani ya ukuta wa ateri. Watu wanadhani ni kama bomba la sinki limeziba, ukimwaga limau na kitunguu swaumu linazibuka. Hapana, uchafu uko ndani ya ukuta wenyewe, na mtu anaweza kukaa nao miaka ishirini hasikii kitu, sa siku ule uvimbe ukipasuka damu inaganda juu yake, ukiwa kwenye moyo ni mshtuko wa moyo, ukiwa shingoni au kichwani ni kiharusi, na miguuni mara nyingi mshipa unabana taratibu tu mpaka mtu akitembea kutoka stendi hadi sokoni lazima asimame katikati apumzike kigimbi cha mguu kiache kuuma, halafu anaambiwa ni uzee.

Kwa hiyo presha na mafuta wanashirikiana. Ukiwa na sukari juu yake ni watatu. Figo ikianza kuchoka ni wanne. Ule utafiti mkubwa wa INTERHEART uliotoka 2004, uliofanyika nchi 52 zikiwemo za Afrika, ulikuta vitu tisa vya kawaida vinabeba asilimia 90 ya hatari ya mshtuko wa moyo wa mara ya kwanza kwa wanaume na asilimia 94 kwa wanawake, na vya juu kabisa vilikuwa sigara na mafuta ya damu, ikafuata presha, kisukari, kitambi na wenzao. Vitu tisa, na vingi unavijua kwa kumuuliza mtu maswali na kumzungushia futi kamba tumboni!

Sasa chukua watu wawili wamekaa benchi moja kliniki, wote presha 150/95. Mmoja ana miaka 45, havuti, sukari safi, figo safi, LDL iko chini. Mwingine ana 62, kisukari, figo zimeanza kuvujisha protini, LDL iko 4. Kadi zao zinafanana kabisa! Dawa hiyohiyo moja, dozi hiyohiyo. Wakati huyu wa pili anatakiwa apewe statini, dawa ya kushusha kolestro, tena jana, na presha yake ishushwe kwa bidii zaidi, na miguu yake ikaguliwe. Huwezi kuwatofautisha kwa mashine ya presha peke yake, ndo hapo damu inapoingia.

Tena mwongozo upo. Shirika la Afya Duniani 2019 lilitoa chati mpya za hatari ya moyo na kiharusi, ziko za ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki, zina rangi, kijani ni hatari chini ya asilimia 5 kwa miaka kumi ijayo, njano, chungwa, nyekundu mpaka ile nyekundu iliyoiva ya asilimia 30 kwenda juu. Kuna chati ya pale penye maabara inayotumia kolestro na kisukari, na kuna ya pasipo na maabara inayotumia uzito na urefu badala yake, na zote mbili zinatumia umri, jinsia, sigara na presha. Yaani hata zahanati ya kijijini isiyo na kitu inaweza kumkadiria mtu. Mie nimeiona imebandikwa ukutani sehemu moja, nyuma ya mlango, mlango ukiwa wazi haionekani na ule mlango hauFUNGWI.

Haya vipimo vyenyewe sasa.

Mafuta ya damu. Karatasi inakuja na namba nne, kolestro yote, HDL inayoitwa kolestro nzuri, trigliseraidi ambayo ni aina nyingine ya mafuta, na LDL, na watu wanaangalia ile ya kwanza tu wakati ya kuangalia kwenye mishipa ni LDL. Halafu mjue maabara nyingi LDL hatuipimi moja kwa moja, tunaipiga hesabu kwa kanuni ya Friedewald ya 1972: kolestro yote, toa HDL, toa trigliseraidi gawanya kwa 2.2, zote kwa milimoli kwa lita. Mfano 5.8 toa 1.2 toa 0.7 (trigliseraidi ikishagawanywa) unapata 3.9. Hesabu hiyo inakataa trigliseraidi ikivuka 4.5, na hao tunawajua hata kabla ya mashine maana ukishazungusha damu, yale maji ya juu ambayo yanatakiwa yawe ya njano angavu unakuta meupe kabisa maziwa matupu, unaweka tyubu mwangani huoni upande wa pili. Mtu kama huyo akipewa LDL ya kuhesabu amedanganywa, arudishwe apime amefunga, au apimiwe LDL yenyewe.

Na kwa wale wengine wote jamani kufunga siyo lazima, wataalamu wa Ulaya walishasema toka 2016 kwamba mafuta ya kawaida yanapimwa hata kama umekunywa chai, ila bado kuna wazee wanakuja saa nne asubuhi hawajala toka magharibi ya jana na vidonge vya presha hawajameza, wanadondoka kwenye foleni. Sukari ya kufunga ndo ya kufunga. Na dawa ya presha unameza na maji yako unakuja, labda daktari mwenyewe akwambie vingine.

Kingine ni vipimio. Maabara moja inaandika LDL 3.9, nyingine inaandika 151, mtu anakuja analia kolestro imepanda kutoka 3.9 mpaka 151, kumbe ni kitu kilekile, moja imetumia milimoli kwa lita nyingine miligramu kwa desilita, ukitaka kubadilisha zidisha kwa 38.67. Na ile safu ya "kawaida" pembeni mwa karatasi isikutulize sana. Imewekwa kwa watu wote kwa ujumla. LDL ya 3 kwa kijana mzima asiye na tatizo ni sawa, kwa mwenye presha na kisukari na figo siyo sawa, miongozo ya Ulaya inataka mwenye hatari kubwa ashuke chini ya 1.8. Mashine haijui kama una presha, inajua damu tu.

Na hapa ndo naomba msikate. Kuna utafiti unaitwa ASCOT, ulitoka 2003, Uingereza, Ireland na zile nchi za Skandinavia, walichukua watu 10,305 wenye presha pamoja na angalau mambo mengine matatu ya hatari, na kolestro yao yote ilikuwa haizidi 6.5, yaani wengi wao ungewaambia mafuta yako hayana shida nenda nyumbani. Nusu wakapewa atorvastatini miligramu 10, nusu kidonge kitupu. Ilikuwa iende miaka mitano, wakaisimamisha baada ya miaka mitatu na kidogo kwa sababu mshtuko wa moyo ulikuwa umepungua kwa asilimia 36 kwa waliopewa dawa, isingekuwa haki kuendelea kuwanyima wenzao. Ni kweli wengi wao walikuwa wazungu, na wanaume. Lakini nimeshawaambia INTERHEART ilikuta nini, mafuta yanaumiza mishipa ya mtu wa Tanga kama ya mtu wa Oslo.

Kipimo cha pili sukari, hicho hakina ubishi, isipokuwa ile ya miezi mitatu, HbA1c, ambayo vifurushi vinaipenda. Ni nzuri, asilimia 6.5 kwenda juu ni kisukari. Ila huku kwetu pwani wapo wengi waliorithi selimundu kwa mzazi mmoja, hawaumwi, hawajui hata kama wanayo, na kwa watu hao HbA1c inaweza kusoma chini kuliko sukari yenyewe ilivyo. Upungufu wa damu nao unaivuruga. Kwa hiyo ukiambiwa 5.9 na unakojoa usiku kucha na kiu haiishi, dai sukari ya kufunga.

Kreatinini. Hii ndo inaniuma zaidi. Presha inaua figo kimya kimya, na figo ikichoka hatari ya moyo na kiharusi inapanda sana, na wagonjwa wengi wa figo moyo unawawahi kabla hawajafika kwenye kusafishwa damu. Sasa kreatinini peke yake bila hesabu haisemi kitu. Bibi wa miaka 70 na kijana wa miaka 25 mbeba mizigo, wote wameleta 110. Ukipiga kanuni mpya ya 2021 yule kijana figo zake zinachuja kama mililita 82 kwa dakika, hana neno, yule bibi 47, ikibaki hivyo miezi mitatu huo ni ugonjwa wa figo tayari. Namba ileile! Na mara ngapi nimeona 110 imezungushiwa duara imeandikwa "kawaida". Kupiga hiyo hesabu ni simu tu, unaingiza umri, jinsia na kreatinini, sekunde kumi. Maabara zetu wenyewe tungekuwa tunaichapa kwenye karatasi, na hili nawaambia wenzangu wa maabara, siwasemi madaktari tu.

Potasiamu, ile chumvi ya damuni, inakwenda nayo. Wanaokunywa dawa za kukojoa zile za presha inashuka, wanaokunywa losartani, lisinoprili au spironolaktoni inaweza kupanda, na ikipanda sana moyo unasimama, kwa hiyo ukianzishiwa dawa hizo pima baada ya wiki mbili tatu hivi. Kijana mdogo ana presha kali, potasiamu iko chini na hajanywa dawa yoyote ya kukojoa, huyo asiachwe aende, kuna uwezekano tezi iliyo juu ya figo inatoa homoni ya aldosteroni kupita kiasi na hiyo ina matibabu yake. Ila na nyie mnaotoa damu msimkamue mtu kidole wala kumfunga mpira mkononi muda mrefu, seli zikipasuka potasiamu inasoma juu ya uongo mgonjwa anakimbizwa wodini bure. Ongeza na kikombe cha mkojo kuangalia protini, ambacho siyo damu lakini mshipa mdogo ukianza kuvuja figoni ujue na mikubwa haiko salama.

Vinne na mkojo. Mara moja kwa mwaka kwa asiye na shida, zaidi kwa mwenye nayo.

Sa tuje kwenye kifurushi chenu. CRP, ile ya hali ya juu inayopima uvimbe mdogo mdogo wa ndani. Siyo uongo, kuna utafiti mkubwa wa JUPITER wa 2008 wa watu 17,802 wenye LDL nzuri na CRP ya 2 kwenda juu, na statini iliwasaidia. Lakini CRP inapandishwa na kila kitu, malaria, jino bovu, kidonda, mafua, mtu anapima msimu wa masika ametoka kuumwa juzi inasoma 18 anaambiwa mishipa yako inaungua. Ikivuka 10 tafuta maambukizi kwanza, urudie akishapona. Sijaona kifurushi kinachomwambia mtu hivyo.

Homosisteini, kemikali moja ya damuni. Hii miaka ya nyuma iliwika sana, walioumwa mishipa walikutwa nayo juu, ikaonekana jibu limepatikana maana vitamini za B na asidi ya foliki zinaishusha. Wakajaribu. HOPE-2 ya 2006, watu zaidi ya 5,500, homosisteini ikashuka vizuri kabisa, kiharusi kikapungua kidogo, mshtuko wa moyo na vifo vya moyo vikabaki vilevile. Yaani alama imeshuka na ugonjwa haujashuka nayo. Na bado mtu anapimwa leo, anauziwa vitamini za miezi sita.

Asidi ya yuriki hivyohivyo. Iko juu kwa wenye presha wengi, na mara nyingine imepandishwa na dawa yenyewe ya kukojoa, mtu anakatazwa nyama na maharage maisha yake yote wakati vidole havimuumi hata siku moja. Mwaka 2022 Uingereza walitoa matokeo ya kuwapa alopurinoli, dawa ya kuishusha asidi hiyo, watu wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo wasio na gauti (yale maumivu ya viungo ya asidi hiyo), haikuwapunguzia kitu. Ukiwa na gauti hilo ni jambo jingine.

Troponini mbona iko kwenye kifurushi? Hiyo ni ya kuona kama moyo umeumia, kwa mtu mwenye maumivu ya kifua sasa hivi, wa kukimbizwa emajensi. Mtu mzima anayetembea na mwavuli wake unampima troponini ya nini.

Ile moja ningeitetea ni Lp(a), chembe ya mafuta ya damu inayofanana na LDL. Hii ni ya kurithi, chakula hakiibadilishi, inapimwa mara moja maishani inatosha, na sisi watu wa asili ya Afrika kwa wastani tunayo juu kuliko wazungu. Dawa yake maalumu bado iko kwenye majaribio. Kama baba yako au dada yako alipata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55 au 60 na hela unayo, pima, ikiwa juu ujue LDL na presha vishushwe kwa ukali zaidi. Kama hela ya kupima hiyo ndo hela ya dawa zako za presha, nunua dawa.

Halafu kuna zile mashine za kushika kishikizo mkononi dakika moja, zinatoa kurasa kibao, "unyumbufu wa mishipa", "mnato wa damu", "kolestro ya ubongo", bila tone la damu. Mhariri hizo sizijadili. Kolestro haipimwi kwa kushika chuma. Mkichapa tangazo lake tena nitaandika barua nyingine na haitakuwa na salaam.

Ninachoomba ni hivi. Nyie gazeti mkiandika kuhusu vipimo, kila kipimo mseme kikitoka juu daktari atabadilisha nini, kama hamna cha kubadilisha mseme hakuna. Na tangazo liandikwe tangazo. Wizara na wanaosimamia Bima ya Afya kwa Wote, sheria ilishapita 2023, kwenye kitita cha mwenye presha mafuta, sukari, kreatinini, potasiamu na mkojo viwe haki yake ya kila mwaka bila kuomba, na statini ishuke mpaka kituo cha afya, maana kumpima mtu LDL halafu dawa anaambiwa akanunue mjini ni kumtesa tu. Na vitendanishi, zile kemikali za kupimia, visiishe mwezi wa pili wa robo mwaka, nalisema hili nikiwa nimekaa mbele ya mashine nzima ya kemia ambayo wiki hii haina vya kreatinini.

Na presha yenyewe ishushwe wakati tunasubiri hayo yote, hiyo haihitaji maabara. Uchambuzi wa majaribio mengi uliotoka kwenye Lancet 2021 ulionyesha ukishusha ile namba ya juu kwa 5 tu matukio makubwa ya moyo na kiharusi yanapungua kwa asilimia 10, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuumwa moyo. Na wengi tunaowaona wako 160, 170, dozi haijaguswa miaka mitatu.

Msomaji mwenye presha unayekwenda kliniki wiki hii, ukishapimwa presha mwambie daktari au nesi, naomba kreatinini na mafuta, kisha karatasi ya majibu usiifungie karanga, itie ndani ya kadi uje nayo mwakani tuilinganishe.

Wenu,
Mtu wa maabara, Tanga